Mke wa Mchinjaji Barazani

Persis Nyanchera alichaguliwa kuwa diwani wa Riontweka mwaka wa 1974, na watu wa masoko ya jirani wakadhani ni mzaha. Hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke akigombea kiti hicho, seuze kukishinda. Waliofika kutoka upande wa Nyamache siku ya soko walituuliza kama wanaume wote wa Riontweka walikuwa wamehamia Kericho kuchuma chai ya wazungu. Sisi tuliompigia kura hatukujisumbua kujibu. Tulikuwa tunamjua.

Alizaliwa Nyakoe. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, mtu mkali wa Sabato, aliyemsomesha mpaka darasa la nne kisha akasema elimu hiyo inamtosha msichana. Alipoolewa na Onchiri alikuja Riontweka na sanduku la mbao, Agano Jipya la lugha yetu ya Ekegusii, na tabia moja iliyowashangaza wakwe zake: alikuwa anauliza. Akiambiwa mgomba huu haukatwi mwezi huu, anauliza kwa nini. Hakuwa mbishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akasubiri jibu, na akishalipata alishukuru na kurudi kazini. Mama mkwe wake alilalamika miaka ya kwanza. Baadaye alizoea, na mwishowe ikawa kila jambo likimtatiza huyo mama mzee, iwe ni mpaka wa shamba au ahadi ya naibu wa chifu, anamtuma Persis akamuulizie.

Kanisani aliongoza Dorkasi, kile chama cha wanawake kinachotembelea wagonjwa na kushonea mayatima nguo. Sokoni aliuza ndizi. Mume wake Onchiri alikuwa mchinjaji, na bucha yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote pale sokoni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyemshuku kwamba alipunguza mizani.

Diwani tuliyekuwa naye kabla yake alihamia mjini Kisii mara tu alipochaguliwa, tukawa tunamwona kama tunavyouona mwaka mpya. Uchaguzi ulipokaribia, wanawake wa Dorkasi walishauriana, kisha wakaenda kwa Onchiri wakiongozwa na Mokeira, jirani yake Persis wa ukuta kwa ukuta. Walimwomba awape mke wake awe diwani. Onchiri alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Maswali yake yamewachosha," aliwaambia, "sasa mnataka kuyahamishia Kisii?"

Lakini Jumapili iliyofuata alichinja ng'ombe mzima, akaalika watu, akawaambia kwamba mke wake anataka kura zao na yeye mwenyewe anazitaka kuliko mke wake. Hivyo ndivyo Persis alivyoshinda.

Sasa niseme habari ya maji. Chini ya soko letu kuna chemchemi tunayoiita Ensoko, na ndiyo iliyokuwa ikitunywesha sote, wa kilimani na wa bondeni. Juu ya chemchemi hiyo, miaka michache baada ya uhuru, baraza la wilaya lilijenga kichinjio: sakafu ya saruji, paa la mabati, na shimo refu la kupokea damu na taka. Wakati huo wanyama waliochinjwa walikuwa wachache, na shimo lilitosha. Kisha chai ikashika. Kila mwenye shamba akawa na mashina yake, malipo ya chai yakaanza kuingia, na watu waliokuwa wakionja nyama Krismasi wakaanza kuila kila wiki. Kichinjio kilifanya kazi mara tatu ya ile kiliyojengewa, na shimo halikuongezwa hata hatua moja. Wakati wa masika ya mwaka 1975 lilifurika. Asubuhi baada ya mvua kubwa, maji ya Ensoko yalikuwa na rangi ambayo hakuna aliyependa kuitaja, na harufu.

Homa ya matumbo iliingia nyumba kwa nyumba. Wengi walilazwa, wakapona. Mtoto wa mwisho wa Mokeira, Momanyi, aliyekuwa ameanza tu kukimbiakimbia uani, hakupona. Alipelekwa hospitali Kisii akiwa mgongoni mwa mama yake, akarudishwa amefungwa kwa blanketi.

Siku chache baada ya mazishi Mokeira alimfuata Persis shambani. Hakulia. Alisimama kati ya migomba na kusema, "Sisi tulikutuma. Nenda ukaulize."

Kikao cha baraza kilifanyika katika ukumbi wa mjini, madiwani wakiwa wamevaa makoti na tai, mwenyekiti mbele na karani wa baraza kando yake. Vikao vya zamani vilikuwa vya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, lakini mwaka uliotangulia Bunge lenyewe lilikuwa limeanza kuzungumza Kiswahili, na baraza nalo likamruhusu anayetaka kukitumia. Persis alikitumia. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni na cha sokoni, cha kupatana bei na Wajaluo na Wakipsigis. Alisema "barasa" badala ya "baraza", na wako waliotabasamu. Yeye aliendelea.

Swali lake, ambalo alikuwa amelituma kwa mwenyekiti kwa maandishi, lilikuwa ni lini shimo la kichinjio cha Riontweka litaondolewa juu ya maji ya watu.

Mwenyekiti alikuwa Alfayo Ogari, mtu mrefu, mwalimu mkuu wa zamani, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alimshukuru diwani mheshimiwa kwa swali lake zuri, akasema kwamba jambo hilo liko chini ya kamati inayohusika, ambayo inalishughulikia kwa uzito unaostahili. Persis alishukuru, akaketi. Ni ndani ya basi, akirudi nyumbani, alipoanza kuyageuza yale maneno upande huu na ule kutafuta alichoambiwa. Alipofika Riontweka alikuwa bado hajakipata. Wanawake waliokuwa wakimsubiri stendi waliona usoni mwake kwamba hajaja na kitu.

"Nimepewa maneno," aliwaambia. "Nitarudi."

Kikao kilichofuata alirudi na swali lile lile. Safari hii aliongeza majina ya waliougua, na mwishoni akamtaja Momanyi. Nadhani Ogari angejibu vizuri siku hiyo kama asingehisi kwamba anashtakiwa mbele ya watu. Alivua miwani yake, akaifuta, akasema polepole:

"Diwani wa Riontweka ametueleza mengi. Jambo moja hajalieleza. Je, anaweza kuliambia baraza hili ni nani anayechinja wanyama wengi kuliko wote katika kichinjio hicho?"

Kila mtu alijua. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Karani aliinamisha kichwa kuficha meno. Wapo waliotegemea Persis aketi. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Ni mume wangu, Bwana Mwenyekiti," alisema. "Na maji yale mimi pia nayanywa, na yeye anayanywa, na watoto wetu. Nimeulizwa, nimejibu. Swali langu mimi bado halijajibiwa."

Hapo kicheko kiliisha. Akainuka mzee Makori, diwani kutoka upande wa Suneka, mtu aliyekuwa barazani tangu mwanzo na aliyezungumza mara chache mno hata baadhi walidhani huja kusinzia. Alisema hajawahi kuona mtu akiulizwa swali, naye akijibu kwa swali, na hilo likaandikwa kuwa jibu. Aliomba mwenyekiti amjibu mama huyo. Ogari akasema kwamba kichinjio kikifungwa, wachinjaji wote wa Riontweka watakosa kazi mpaka kingine kijengwe, na hakuna hata mmoja aliyekubali jambo hilo. Diwani akazungumze nao kwanza. Kikao kijacho, alisema, atataka kusikia walichosema.

Lilikuwa jibu la haki, na Persis alijua hivyo. Ndilo lililomuuma. Alikuwa amezungumza juu ya kichinjio mbele ya wilaya nzima, na hakuwa amezungumza na yule anayelala naye nyumba moja. Mwanzoni alidhani jambo hili ni la baraza na shimo lake, wala halimhusu Onchiri. Sasa jina la mumewe lilikuwa limechekwa ukumbini.

Habari zilimtangulia. Alipofika nyumbani Onchiri alikula kimya, na mtu yule akinyamaza nyumba nzima inasikia. Asubuhi Persis alimkuta shambani akipalilia migomba, kazi ambayo alikuwa hajaigusa kwa miaka.

"Baba Gesare," alimwambia, maana binti yao wa kwanza aliitwa Gesare, "nimekukosea."

Onchiri aliendelea kupalilia.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema mwishowe. "Siyo kwamba ningekukataza. Ungeniambia tu, nisisikie kutoka kwa kondakta."

"Niliogopa utakataa."

"Na ningekataa ungefanyaje?"

Persis aliwaza. "Ningeuliza hata hivyo," alisema.

Onchiri alisimamisha jembe. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake alimtazama, na kidogo tu, pembeni mwa mdomo, akawa yule Onchiri wa siku zote. Alisema kwamba hilo analijua, alilijua tangu siku aliyomleta hapa na lile sanduku lake. Kisha uso ukabadilika tena. Alisema shimo limejaa tangu kabla ya masika. Yeye na wenzake walikuwa wakiliona kila wanapochinja, na kila mmoja akamngojea mwenzake aseme. Alikuwa miongoni mwa waliolichimba kaburi la Momanyi, akasema, na wakati anachimba alikuwa akijua.

Wakapalilia pamoja mpaka jua likawa kali.

Wachinjaji wengine hawakuwa wepesi hivyo. Walimjia Onchiri dukani kwake, wakamtaka amfunge mke wake mdomo kama yeye ni mwanamume. Wakasema vinginevyo atakuwa amezinyima nyumba zao riziki. Mmoja wao, Angwenyi, rafiki yake wa tangu kutahiriwa, alimwambia kwamba mtu aliyeshindwa kutawala nyumba yake asitegemee salamu zake. Onchiri aliwasikiliza wote bila kuwakatiza. Kisha akawaomba waandamane naye kichinjioni. Huko aliondoa mbao zilizofunika shimo, akawaonyesha, akateremka nao ule mteremko mpaka Ensoko, ambako wanawake walikuwa wakiteka. Hakuhubiri. Aliwaambia tu kwamba yeye hachinji tena pale, na bucha yake itafungwa mpaka atakapopata mahali pengine pa kuchinjia. Wenzake wafanye watakavyo. Angwenyi alitema mate chini, akaenda zake.

Bucha kubwa kuliko zote ikafungwa siku ya soko, milango yake nyekundu imetiwa kufuli, watu wakipita na kushangaa. Nyumba ile ilishukuru migomba ya Persis, na chai kidogo waliyokuwa nayo, ambayo Onchiri sasa aliichuma mwenyewe, kikapu mgongoni, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake ile. Wapo waliomcheka. Baadaye walijuta.

Kikao cha tatu Onchiri alipanda basi pamoja na mke wake. Aliketi kwenye mabenchi ya wananchi nyuma ya ukumbi, amevaa koti lake la arusi ambalo halikufungika tena. Swali lilipoitwa, mwenyekiti alimkumbusha diwani wa Riontweka kwamba alitumwa kwa wachinjaji, na akataka kujua walisemaje. Persis alisema mmoja wao yuko hapa na anaweza kujisemea. Karani akaingilia kati: kanuni hazimruhusu mwananchi kusema ndani ya kikao. Mzee Makori akainuka tena na kusema kwamba kanuni ziliwekwa na baraza, na baraza linaweza kuziweka kando kwa muda wa mtu mmoja kusema. Akaomba kura. Mikono ikainuka, mmoja mmoja kwanza, halafu mingi. Wengine walitaka tu kumwona huyo mume, lakini mkono ni mkono.

Onchiri alisimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizungumza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye ninayechinja," alisema. "Nilichinja pale shimo likiwa limejaa, na sikusema. Sasa nimeacha. Mke wangu hakunilazimisha. Aliuliza tu, na mimi sikuwa na jibu. Kama mwenyekiti analo, tumekuja kulisikia."

Ogari angeweza kuitaja kamati tena, na kwa kanuni hakuna ambaye angemzuia. Lakini, kama nilivyosema, alikuwa mwalimu, na nadhani alitambua kwamba ameulizwa na watu ambao wameshajiuliza wenyewe. Alisema hana jibu la kutoa akiwa amekaa kwenye kiti. Atakuja Riontweka, aone, na ajibu huko huko.

Alikuja siku ya soko, pamoja na Bwana Afya wa wilaya na madiwani kadhaa, Makori akiwa mbele na fimbo yake. Walikagua shimo, wakateremka mteremko, wakaitazama chemchemi. Bwana Afya hakuhitaji kupima sana. Alitikisa kichwa tangu kule juu shimoni. Kisha Ogari akasimama uwanjani, karibu na wauza ndizi, na Persis akatangaza kwamba mwenyekiti yuko tayari kuulizwa.

Sisi tulikuwa tumezoea baraza za kuambiwa. Mkubwa anakuja, anasema, tunapiga makofi, anaondoka. Kuulizwa kwa mkubwa hatukukujua. Aliyeanza ni Mokeira. Alimuuliza mwenyekiti, kwa Ekegusii, kama swali lile lilipofika kwake mara ya kwanza alilisoma.

Ogari aliitikia kwa Ekegusii vilevile. Alisema alilisoma, akalipeleka kwa kamati, na hakuuliza tena likaishia wapi. Jibu alilompa diwani wao lilikuwa jibu baya, na lile la pili lilikuwa baya zaidi kwa kuwa lilikusudiwa kumwaibisha. Alimgeukia Persis na Onchiri mbele ya soko zima, akawaomba radhi. Halafu akamwambia Mokeira pole, akiwa amevua kofia.

Baada ya hapo maswali yalimiminika. Kichinjio kifungwe lini? Leo. Kipya kijengwe wapi? Ng'ambo ya bonde, chini zaidi ya chemchemi, mahali atakapopachagua Bwana Afya. Nani atajenga? Saruji na fundi ni vya baraza. Mawe na mchanga, kama watu wako tayari kusaidia, ni vyao. Angwenyi aliuliza kwa hasira wachinjaji watakula nini kwa miezi yote hiyo, na Ogari hakumkwepa. Alisema atawaombea wachinje kwa zamu kwenye kichinjio cha soko jirani. Hilo alilitimiza, ingawa ilikuwa tabu kubwa, nyama ikisafirishwa kwa mkokoteni wa punda na mara nyingine ikifika inzi wakiwa wameitangulia.

Ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa. Saruji ilichelewa, na Persis aliuliza juu ya saruji. Fundi alitoroka, akauliza juu ya fundi. Inasemekana ilifika mahali karani akimwona tu mlangoni anaanza kutafuta faili la Riontweka kabla hajasalimiwa. Lakini mwaka uliofuata kichinjio kipya kilifunguliwa, na Ensoko ikajengewa kuta za mawe na kutiwa mfereji wa chuma. Wanaume wa soko walibeba mawe, wanawake wakabeba mchanga kutoka mtoni. Angwenyi alibeba mawe kama wengine. Hakuomba msamaha, lakini siku moja alimpokea Onchiri jiwe kubwa kutoka begani, na tangu hapo wakasalimiana.

Siku mfereji ulipofunguliwa, Mokeira ndiye aliyepewa kuteka wa kwanza. Alijaza mtungi, akajitwika, akapanda kilima bila kumsemesha mtu. Persis alifuata nyuma yake na mtungi wake mwenyewe, diwani wa Riontweka, kanga kiunoni, jasho usoni. Tulitazama wakipanda. Sijui wengine waliona nini. Mimi niliona mtu aliyetumwa, akaenda, akarudi na kitu.

Aliendelea kuwa diwani miaka iliyobaki ya muhula wake. Kila siku ya soko aliketi kwenye gunia karibu na ndizi zake, na aliyekuwa na swali alikuja akaliuliza. Waliuliza juu ya ushuru wa soko, juu ya daraja la miti, juu ya ng'ombe wa kuzurura. Hakutaka kumpokea mtu pembeni. Swali la watu, alisema, liulizwe mbele ya watu.

Binti yake Gesare alikuwa ameajiriwa na baraza kufundisha watoto wa nasari, na paa la darasa lake lilikuwa linavuja. Angeweza kumwambia mama yake jikoni. Badala yake alikuja sokoni Alhamisi moja, akasimama kwenye foleni nyuma ya wauza viazi, na zamu yake ilipofika akasema kwa heshima, "Diwani, watoto wa nasari wananyeshewa. Ninauliza ni lini paa litatengenezwa."

Persis alisimama kutoka kwenye gunia, maana alikuwa akisimama kila anapojibu.

"Sijui," alisema. "Alhamisi ijayo njoo uniulize tena, nitakuwa nimepata jibu."

Onchiri, aliyekuwa mlangoni mwa bucha akinoa kisu, alisikia. Akawaambia wateja wake kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto kwamba huyo aliyeuliza ni binti yake, na huyo aliyejibu ni mke wake.